Vipimo vya Kwaya

Mama Futi, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kuandika. Akimpima mteja, mikono yote miwili iko kwenye futi, kwa hiyo simu ilikaa mezani ikimrekodi: "Sauti ya pili, yule mrefu, kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita." Kwaya nzima ilikuwa humo, wanawake thelathini na wawili. Majoho yalitakiwa Jumapili, na hii ilikuwa Alhamisi.

Ila simu iligoma kusasisha mfumo, ikidai nafasi haitoshi. Mpwa wake akamweleza la kufanya, naye akalibeba hivyo hivyo hadi kwenye kibanda cha fundi simu.

"Kaka, futa kache tu, yale mabaki ya muda. Data usiguse. Na usianze kusasisha kabla chaji haijajaa."

Fundi akachekea puani. "Mama, wewe kaa. Hii kazi niachie mimi."

Kicheko hicho Mama Futi alikuwa akikijua. Ni cha watu wanaodhani mwanamke wa makamo akishika simu amebeba ya mwanawe.

Dakika tatu baadaye fundi akamrudishia. "Tayari, inasasisha bila wasiwasi. Ilijaa uchafu tu."

Mama Futi akafungua programu ya kurekodi. Nyeupe pe! Ikamkaribisha kama mgeni.

"Vipimo vyangu viko wapi?"

"Vile visauti? Si ndiyo huo uchafu? Kache peke yake ilikuwa ndogo, nikafuta na data."

Damu ilimchemka Mama Futi. Alimkasirikia fundi, akajikasirikia na yeye mwenyewe. Miaka ishirini hajawahi kukata kitambaa bila kuchora kwanza kwenye gazeti, halafu vipimo vya watu thelathini na wawili akaviacha bila nakala! Lakini hasira ya kujikasirikia mwenyewe ingesubiri zamu. Akachomoa futi mkobani, akamvisha fundi shingoni.

"Funga kibanda. Kwaya ina mazoezi saa kumi. Mimi nitapima, wewe utaandika."

"Mama, nina wateja..."

"Hata mimi nilikuwa nao. Twende."

Ukumbini, wanawake walikuwa wameshajipanga mistari mitatu. Mama Futi akamsukuma fundi mbele yao, akaomba kimya.

"Dada zangu, mtapimwa upya. Kaka huyu atawaeleza kwa nini."

Fundi akageuka kuangalia mlango.

"Sema, baba," akamhimiza Mama Futi. "Vifua vyao uliviitaje?"