Fundi wa Intaneti Barazani

Mama mkwe wangu haruhusu mwanamme apande juu wakati mwanawe hayupo. Hata fundi. Hata fundi mwenye mvi. Ndiyo maana modemu ilifungwa chini, nyuma ya mlango wa mbele, na nyumba zetu za Mji Mkongwe kuta zake nene kama godoro. Chini intaneti tele. Juu, ninakolala na mwanangu, hamna kitu.

Mume wangu, aliyeko Muscat kikazi, akatutumia ruta ya kuweka juu. Nikaivutia waya kutoka chini, nikaiwasha. Ikawa balaa. Tukipiga simu ya video, sura yake inaganda mdomo wazi. Mwanangu anaitazama kidogo, kisha anageuka, kama kaona picha ya ukutani. Hata miaka miwili hajatimiza. Niliogopa atamsahau baba yake, na nikilifikiria hilo nilitamani kumpiga mtu.

Ijumaa, siku ya mapumziko ya mume wangu, nikamwita fundi. Yeye barazani, mimi dirishani juu, mama mkwe mlangoni kama askari.

"Dada, masanduku yote mawili yamejifanya ruta!" fundi akanadi. "Mlango mmoja, mabawabu wawili! La chini nilizime uruta, libaki modemu tupu?"

"Na mie huku chini?" akauliza mama mkwe.

"Waifai itabaki juu tu, bibi."

"Thubutu! Mawaidha yangu nikasikilizie kwa jirani?"

"Mama, mjukuu wako hamjui baba yake, wewe unasema mawaidha!"

"Usinipigie kelele mbele za watu, weye. Fundi, hakuna namna nyengine?"

Ilikuwepo. Ruta ya juu iache ubawabu, isambaze tu inachopokea kutoka chini. Akanielekeza pa kubonyeza, huku mtaa mzima ukisikiliza. Nilipokwama kwenye nywila, mama mkwe akaitangaza herufi kwa herufi.

"Tushaiandika, bibi!" akajibu muuza kahawa mmoja pale njiani.

Nikapiga Muscat. Mama mkwe naye akapanda ngazi, anahema, mkono gotini. Mume wangu akacheka, na kicheko kikafika, sura na sauti pamoja. Mwanangu akamkodolea macho. Kisha akakitoa kinywani kipande cha mkate wa kumimina, akakibandika kwenye kioo, pale penye mdomo wa baba yake.

Mume wangu akafumbua kinywa.

"Tafuna basi," mama mkwe akamwambia mwanawe, machozi yakimtoka. "Mtoto anakungoja."