Jina Alilotupiwa Yaya

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, aliitwa mu wimbo, mimi sikuitwa. Mambo yote yanatokea hapo, na sitaficha kitu: nilimuonea wivu mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, yeye kumi na tano, vita vya kwanza vilipoingia Uvira. Shule yetu ya Kasenga ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Kilichobaki ni radio ya mama na kaseti tatu za mwanamuziki mmoja wa Kinshasa, ambazo mjomba alituletea kutoka Bujumbura. Huyo mwanamuziki ndiye aliyetulea. Mapile, betri za radio, tuliyaanika juu ya mabati yapate nguvu kidogo, kaseti tukazirudisha nyuma kwa kalamu ya bic ili radio isimalize moto bure. Risasi zikianza upande wa milima, tulilala chini ya meza tukiimba sauti ya pili kwa kunong'ona. Mwanzoni mama alitugombeza. Baadaye naye akawa anaimba. Nasema kweli, bila zile kaseti ningerukwa na akili.

Lakini tulikuwa tunaimba kama kasuku. Kilingala kilikuwa lugha ya askari, na nani alikuwa na hamu ya kumuuliza askari maana ya wimbo? Kitu tulichojua ni mabanga. Wanamuziki wa Kinshasa, katikati ya wimbo, wanatupa majina ya watu: matajiri, mabibi wa matajiri, marafiki. Kutupia mtu jina namna hiyo wanasema ni kumtupia libanga, yaani jiwe. Ukitupiwa, basi, umekuwa muntu.

Sasa, kwenye kaseti ya tatu, upande wa pili, pale magitaa yanapopoa, yule mwanaume alimtupia yaya.

Majina ya watu siyaandiki hapa, lakini la yaya ni lile neno la kila siku, yale mambo yanayozunguka kichwani: mawazo. Wasichana wengi kwetu wameitwa hivyo. Na sisi tulisikia wazi kabisa: mawazo, mama ngai. Tulijua kwamba ngai kwa Kilingala ni mimi, kwa hiyo tukaelewa kwamba anamuita mama yangu, kwa mapenzi. Tulirudisha kaseti mara ishirini. Ni yeye!

Kartye nzima, mtaa wote, ikajua. Kwenye robine, bomba la maji, wanawake walikuwa wanampisha: «Mumuache apite, huyu wanamujua mpaka Kinshasa!» Vijana walipiga mluzi ule wa gitaa akipita. Yaya akaanza kutembea polepole, kama amebeba mayai. Na mimi? Mimi nilirithi jina la bibi, jina refu la Kifuliiru ambalo hata padri alilikata katikati siku ya ubatizo. Mwanamuziki gani wa Kinshasa angelimaliza hilo?

Siku moja nilimwambia, «Weye si wa peke yako mwenye jina hilo.»

«Ni kweli, mudogo,» alijibu, akaendelea kunisuka nywele.

Aka! Upole wake ndio ulikuwa unaniua. Angenitukana ningepona.

Wakati wa mavuno mama alimtuma yaya kijijini Kiringye akamsaidie bibi kuvuna mahindi. Mchana mmoja, mama akiwa sokoni, nilitafuna karatasi, nikaziba nayo vile vitundu viwili vya juu ya kaseti vinavyozuia kurekodi. Nikangoja magitaa yapoe. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja, nikahesabu moja mpaka tano, nikaachilia. Jina likaondoka. Mahali pake, kwa kuwa radio ilikuwa na maikrofoni yake ndani, akaingia jogoo wa jirani, akiwika kwa nguvu zake zote. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa yaya.

Aliporudi, kabla hata ya kunawa miguu, aliweka kaseti. Magitaa yakapoa. Kokolikoo! Alicheka kwanza. Kisha akarudisha, akasikiliza tena, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kama mtu aliyefiwa.

«Ni jua,» nilisema. «Jua imeharibu bande ya kaseti.»

Aliniamini. Nikamletea maji ya kunywa, nikamshika bega, na moyoni nilikuwa ninacheza.

Haikupita hata mwezi, mapigano yakarudi. Mama mdogo alipata nafasi ya mtu mmoja kwenye mtumbwi wa injini unaokwenda Kigoma. Mimi nilikuwa nimelala na malaria, kwa hiyo alikwenda yaya. Kaseti aliniachia, zote tatu. Vita vya pili vikaja, nikamaliza ujana wangu na zile kaseti mpaka zikawa nyembamba kwa sauti. Kila nikifika pale, jogoo anawika. Nilikuwa nimeshinda, na wa kumshinda hakuwepo.

Yaya aliolewa hukohuko ng'ambo, akazaa. Huku kwetu vita vilipopungua, waliletwa askari wapya kutoka magharibi. Nilikuwa ninauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kwa kubishana nao bei nikajua Kilingala. Simu nazo zikafika. Siku moja yaya alinipigia.

«Mudogo, watoto wananicheka. Eti minye niko muongo, hakuna mwanamuziki aliniita. Unitafutie ule wimbo, tafazali.»

Nilikwenda Kasenga mahali wanapotia nyimbo kwenye simu. Walikuwa nao, mzima, bila jogoo. Niliusikiliza nimesimama palepale, na mara hii masikio yangu yalijua lugha. Mawa ezoboma ngai. Huzuni inaniua. Kwa haraka ya kuimba, anaimeza ile e: mawa'zoboma ngai, na sisi tukasikia mawazo, mama ngai. Hapakuwa na jina. Hakuitwa mtu. Miaka yote hiyo nilionea wivu huzuni ya mwanaume nisiyemjua.

Unajua kitu cha kwanza nilichosikia moyoni? Furaha. Furaha mbaya, ile ya siku ya jogoo. Kumbe hata yeye hakuitwa! Nikamtumia wimbo, nikampigia, na maneno nilikuwa nimeyapanga tayari. Nitamwambia maana yake, taratibu, kama mtu anayesaidia.

Aliucheza kwenye simu ya mume wake, mimi nikisikiliza kwa upande huu. Magitaa yakapoa. Halafu kelele: «Mama, ni weye! Yoo, ni weye kweli!» Na yaya akacheka kicheko chake cha miaka kumi na tano.

Nikafungua mdomo.

Kabla sijatoa neno, kasauti kadogo kakauliza, «Na mama mudogo, jina lake iko wapi?»

Yaya hakufikiri hata kidogo. «Lake lilikuwa mbele ya langu,» alisema. «Yule mwanamuziki alimuita mara mbili. Lilifutika mu vita.»

Watoto wakaniamkia kwa zamu, nikawajibu mmoja mmoja. Maana ya ule wimbo sijamwambia mpaka leo. Na wivu ungalipo, lakini sasa siuonei tena wimbo, ninauonea moyo wa yaya.