Kilomita Elfu Kumi na Nne Zilizobaki

Weka dau, mahamri kumi na bakuli la mbaazi, kwamba hakuna atakayeamini haya. Pikipiki ya pistoni moja, ile ndefu ya safari za vumbi ambayo mtu mfupi huipanda kama anakwea mnazi, ilikula kilomita laki moja na themanini na sita elfu bila kichwa cha injini kung'olewa hata siku moja. Cheka tu. Mtaa mzima wa Muyeye, Malindi, ulicheka kabla yako.

Mwenyewe ni Okoth, mtu wa pampu katika kampuni moja ya chumvi kule Marereni. Aliinunua ikiwa karibu mpya kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka saba ikampeleka kazini na kumrudisha, siku sita kwa wiki. Chumvi ilikula mpaka madirisha ya ofisi, lakini ile injini haikukohoa. Farid, fundi wake wa Malindi mjini, aliibadilishia oili kila kilomita elfu tatu, jua liwake au mvua inyeshe.

Okoth alitaka kitu kimoja: kilomita laki mbili. Bado elfu kumi na nne tu, kama nusu mwaka hivi. Siku hiyo angepikia stendi nzima ya pikipiki pale Muyeye pilau.

"Baba Easter," mkewe Jedida akamuuliza, "siku hiyo utaibatiza au utaioza mume?"

Shida ilikuwa mita. Ina tarakimu tano tu, kwa hiyo ilipofika laki ilirudi sufuri ikaanza upya. Sasa ilisoma elfu themanini na sita, na Gachanja, muuza spea pale stendi, akapata la kusema.

"Okoth, hiyo laki nyingine uliendesha ukiwa umelala? Na kama ilifika kweli, basi hiyo injini ilishachongwa silinda ikatiwa pistoni kubwa. Kama nasema uongo, fungua tuone! Pistoni kubwa hugongwa namba ya saizi juu yake. Ya kiwandani haina kitu."

Watu wakaangua kicheko. Okoth akacheka nao, lakini hakulala.

Kesho yake akaenda kwa Farid.

"Inatoa moshi?" Farid akauliza.

"Hapana."

"Yala oili?"

"Hata tone."

"Sasa wataka nikufungulie nini, ndugu yangu? Ringi za pistoni na silinda zishazoeana, kama mtu na mkewe. Ukizitenganisha hazirudiani vile vile."

"Gachanja ananiita mwongo."

"Mwache akuite."

Okoth akaona amedharauliwa. "Miaka saba nakutazama ukifanya kazi, Farid. Unadhani nilikuwa nahesabu mijusi? Nitafungua mwenyewe."

Farid akafuta mikono, akarudi kwenye kazi yake.

Jumapili baada ya kanisa, Okoth akaishusha injini uani kwake, watu wamejaa mpaka ukutani. Kichwa kikatoka. Jamani! Pistoni haikuwa na namba yoyote, na kuta za silinda bado zilikuwa na mistari ya kiwandani. Gachanja akachuchumaa, akapangusa masizi kwa kidole, akatazama weee. Kisha akasimama, akampa mkono.

"Haya. Mwongo ni mimi."

Wakambeba Okoth juujuu kama mbunge mpya. Katika raha hiyo ndipo alipoanza kurudisha vitu, na gasketi mpya aliyonunua kwa Gachanja, ile ya kuziba kati ya kichwa na silinda. Bolti za kichwa hukazwa kwa spana maalum yenye mshale wa kupima nguvu, na spana hiyo iko kwa Farid, imetundikwa ukutani. Kwenda kuiomba baada ya maneno yale? Okoth akakaza kwa mkono mpaka roho yake ikaridhika.

Wiki moja ikaenda vizuri. Ya pili, asubuhi, moshi mweupe. Akasema ni umande. Jedida akasema umande hautokei ekzosi. Maji ya kupoza injini yalikuwa yakipenya kidogo kidogo kwenye gasketi, na siku ya kumi na mbili, karibu na Gongoni, injini ikashika, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, na Okoth akaburuzika na suruali yake ya kazi mpaka kwenye nyasi. Akakaa pale kando ya barabara, mkono juu ya tangi lililokuwa bado na joto. Mita ilisoma elfu themanini na saba.

Pikapu ikaipeleka kwa Farid. Okoth alikuwa ameshapanga maneno njiani: gasketi aliuziwa na Gachanja, ilikuwa feki, lazima ilikuwa feki. Farid akafungua taratibu, akapitisha ukucha ndani ya silinda. Ukanasa kwenye mkwaruzo. Hakugomba. Bora angegomba.

"Bolti ulikazia nini?"

Okoth akayaacha yale maneno ya njiani.

"Mkono. Sikupima, Farid. Nilikisia tu."