Mlima Uliomkataa Baba

Nilipokuwa mtoto pale Etobicoke, kitongoji cha Toronto, nyumba yetu ilikuwa na washirikina wawili, ila aliyesemwa ni mmoja tu. Huyo alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyekuja kutoka Marangu kunilea wakati Mama yuko zamu hospitalini. Kiingereza alikifanyia uziwi wa makusudi; ukimjibu kwa Kiingereza, hujajibu. Ndiyo maana leo naweza kuandika haya. Baba alimwona mshamba. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta na ofisi, na ushirikina wake ulikuwa mmoja tu, lakini mkubwa: aliamini kwamba Mchaga, kwa damu tu, haumwi mlimani.

Mlima Kilimanjaro wenyewe hajaupanda. Alizaliwa chini yake, akaupa mgongo kila asubuhi akienda shule, basi. Lakini wenzake wa ofisini waliporudi na picha za Himalaya, Baba akavimba. "Watoto wa tambarare hawa! Mimi nimezaliwa mlimani bwana!" Akaamua kwenda Nepali, na kunichukua mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikaone damu yangu inavyofanya kazi. Mama alipinga wee, akashindwa. Mazoezi yenyewe yalikuwa kupanda ngazi za jengo letu na mkoba uliojaa mifuko ya unga, majirani wakidhani lifti imekufa tena. Buti mpya alizivaa mpaka mezani.

Bibi alituita jikoni kabla hatujaondoka. "Mlima una wenyewe," alisema. "Ukikukataa haupigi kelele, unakushika kichwa. Ukishikwa kichwa, shuka siku hiyo hiyo. Usibishane nao."

"Mama, hayo ya kizamani ungeyaacha hukohuko Marangu."

Akampa jani kavu la isale, lile ambalo Wachaga tunalitumia kuombea amani na msamaha, aliweke mfukoni. Baba akalitupa kwenye taka, juu ya majani ya chai, Bibi akimwangalia. Alinivuta mimi pembeni, akanirudishia maneno yale ya kichwa mpaka nikayashika.

Sitawadanganya, kule ni kuzuri mno. Njia zimebandikwa ubavuni mwa bonde, madaraja ya nyaya yanayumba juu ya mito iliyo mbali chini, ng'ombe wa manyoya marefu wanakupita bila kukuomba njia. Kijiji kina nyumba chache za mawe na vishamba vya viazi, halafu unatembea nusu siku hujaona kingine. Baba hayo yote hakuyaona. Alikuwa na saa ya kupimia urefu wa mlima, akiitazama hiyo, na kugeuka kuangalia kama wazungu tuliowapita wameona tumewapita.

Mwongozaji wetu aliitwa Pemba, jina la kawaida huko. Baba alicheka mpaka akakohoa, eti kumbe hata huku Wapemba wapo. Njiani kuna kuta za mawe yaliyochongwa sala, na desturi ni kuziacha mkono wako wa kulia unapopita. Pemba alituomba tufanye hivyo. Baba akapita upande wa pili, makusudi kabisa. "Mimi Mlutheri," akasema, "sizungushwi na mawe." Nilikuwa mtoto lakini niliona aibu, na aibu ile ninayo bado.

Tulipofika kijiji cha mwisho, juu kuliko mahali miti inapoishia, Baba aliacha kula. Akasema viazi vinamchosha. Asubuhi yake alivaa glavu ya kulia mkono wa kushoto, akabishana nayo, akaiacha inaning'inia. Akaniita kwa jina la dada yake. Kutoka mlangoni alijigonga kwenye nguzo, akaenda zake anapepesuka kama mtu aliyeshinda kwenye pombe ya mbege.

"Baba, kichwa kinakuuma?"

"Nani? Mimi?" Macho yalikuwa mekundu. "Sisi watu wa mlimani hatuumwi."

Pemba naye alimwambia tushuke, akamwambia tena kwa upole, akamweleza kuwa watu hufa hivihivi. Baba alimfokea. Akasema amelipia kufika juu na atafika juu, akashika njia ya kupanda, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Nilimwelewa baba yangu kuliko Pemba alivyomwelewa. Nilijua mtu yule yuko tayari kufa kuliko kusema "naumwa". Basi nikajitupa chini kwenye mawe, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikalia kwa sauti yangu yote: "Baba, kichwa! Kichwa changu! Nakufa!"

Akasimama. Na wallahi nilimwona uso unamlegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Pemba alinitazama, akaelewa, akanibeba mgongoni bila kuuliza, na mpagazi wetu akamshika Baba mkono eti amsaidie kunifuata. Tulishuka mchana kutwa. Kadiri tulivyoshuka ndivyo macho yake yalivyorudi, na tulipofika kwenye miti akaomba viazi, akala sahani nzima. Kisha akawageukia wageni wa meza ya jirani. "Tungefika juu," akawaambia, "ila mtoto. Hawa wamezaliwa kwenye lifti."

Nyumbani Bibi aliuliza, "Nani alishikwa kichwa?"

"Huyu," Baba akanionyesha.

Bibi alimtazama yeye, akanitazama mimi. Jioni akapakua mtori, ile supu yetu ya ndizi, na bakuli la kwanza akanipa mimi, Baba amekaa kichwani mwa meza mikono mitupu. Kwetu hilo ni tusi. Baba alikunywa wa kwake ulipomfikia.

Bibi sasa ni marehemu, na kile kisa Baba amekisimulia kwenye kila kipaimara na kila harusi ya Watanzania wa Toronto. Humo nimekuwa mwoga, nimekuwa dhaifu, mwaka mwingine nilitapika. Mimi natabasamu. Nilijiambia ubongo wake ulikuwa umevurugika siku ile, hakumbuki, maskini.

Juzi, kwenye harusi ukumbini North York, Baba akamkalisha mwanangu magotini. "Mwakani nakupeleka kule mlimani mimi," akamwambia. "Mama yako abaki, asije akatuangusha tena." Mwanangu akanitazama na kucheka, kicheko kilekile cha babu yake. Hapo nikachoka.

"Baba," nikasema mezani, watu wote wanasikia, "kichwa kilikuwa chako. Aliyekuwa anakufa ni wewe. Na mwanangu haendi."

Akaendelea kuchambua nyama kwenye mfupa. "Najua," akasema taratibu. "Kwani nimesahau? Sasa ya nini kuyasema mbele za watu?"

Najua! Miaka yote hiyo, anajua. Nilikuwa nikimdharau kwa ujinga wake, na mjinga unaweza kumhurumia. Bibi aliamini mlima unakataa watu, na imani yake ikamrudisha mwanawe akiwa hai. Baba ukweli anao kichwani, ameutunza vizuri, ili tu asionekane aliumwa.

Nikamwambia mwanangu avae koti. Hata leo, yule mzee akianza kupepesuka kule juu, nitajitupa tena kwenye mawe na kulia, maana ni baba yangu. Ila safari hii, tukifika chini, nitakuwa wa kwanza kusimulia.