Soli Ukutani

Habari hii alinipa mke wa fundi viatu juzi jioni, tukianua nguo. Naiandika kama alivyoisema.

Fundi amepiga goti kwenye korido ya kiwanda kidogo cha masweta, gundi vidoleni. Soli yenye mistari anaibandika kwenye mlango wa choo, ngozi laini kwenye mlango wa chumba cha kufumia. Ni alama za kupapasa kwa mkono, na vyote ni mabaki ya kibandani kwake. Anachonunua ni gundi tu.

Mkewe anafuma hapo tangu angali anaona. Macho yalimwishia taratibu, mikono ikabaki vilevile. Sasa kiwanda kimehamia jengo jipya, na msimamizi amemwambia kwa upole kwamba asipoweza kufika kwenye mashine yake peke yake, itabidi akapumzike nyumbani.

"Kupumzika nitapumzika kaburini," anasema mama huyo. "Kwa sasa nataka kufuma."

Siku ya kujaribiwa joto lilikuwa kali, milango yote iko wazi. Mama akapapasa, akapapasa tena, ngozi haipo. Alama zilikuwa zimefunguka pamoja na milango, zimegeukia ndani. Akaingia stoo, ndoo zikaanguka, mafagio yakamfuata. Wenzake wakacheka, halafu wakaokota ndoo. Msimamizi akatazama saa yake, akawapa hadi kesho.

Fundi alijitetea sana kwamba gundi yake haikuwa na kosa. Mkewe akamkatiza.

"Baba watoto, umebandika kama mtu anayeona. Mlango unaondoka. Weka ukutani, upande wa kitasa, mkono wangu unapopita."

Wakabandua zote. Safari hii mama alitangulia, na kila kiganja chake kilipotua, fundi akabandika hapo.

Kesho yake aliingia getini peke yake, akafuata ukuta, akagusa ngozi, akaketi kwenye mashine. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amechezea nyuzi zake.

Fundi sasa anataka kuomba ruhusa ya kubandika alama zahanati, ambako milango yote inafanana. "Nitaanza na mkono wa mgonjwa mwenyewe," anasema, "gundi baadaye."

Usiku wa siku ile mkewe alipofika kwenye mashine, fundi alizima taa, akaenda kulala akipapasa. Kando ya mlango wa chumba chao vidole vikagusa kisigino cha kiatu, kimebandikwa ukutani, upande wa kitasa. Yeye hakukibandika.

"Hicho chako," mkewe akasema kutoka kitandani. "Kila siku unajigonga hapo."

Fundi akacheka chinichini, akajilaza, mara akaanza kukoroma. Mkewe akamsikiliza kidogo, akamvutia shuka, naye akalala.