Mashua Niliyoichora Kwenye Pasipoti

Nilichora mashua kwenye pasipoti yangu, juu ya viza yenyewe. Nakiri. Hata leo shuleni, nikinusa wino wa muhuri, hasira zinanipanda upya.

Rafiki wa baba wa kazini, hapa Jeddah, alitualika mimi na baba tujiunge na mabaharia wa mashua ya matanga, tuende visiwa vya mbali huko Uskoti, vyenye ndege wengi kuliko watu. Viza niliiona imepooza, nikaipamba: matanga mawili, na mimi kwenye usukani, nimevaa miwani ya jua.

Baba alipoiona hakunigombeza. Alinipakia garini, tukavuka jangwa zima hadi ubalozi wa Uingereza, Riyadh. Mzee wa dirishani aliigeuza pasipoti.

“Nahodha, huyu ni wewe?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Basi halas, imekwisha. Viza hii imeharibika, na mpya haitoki wiki hii.”

Mashua ilikuwa inaondoka Jumamosi. Baba akaamua kwenda peke yake.

Tuliporudi Jeddah, mama alinikuta nimejitupa kwenye zulia, nanung'unika. Akaniwekea simu kifuani.

“Shangazi zako wote Unguja nimeshawaambia unakwenda. Sasa wapigie mmoja mmoja, uwaambie mwenyewe kwamba huendi.”