Gari Lililokuja Kupigwa Picha

Usiku ule wa kuamkia siku ya shauri letu nililala na karatasi mbili kando ya mto. Ya kwanza ilikuwa nakala ya fomu ya mchezo, ile ambayo timu mwenyeji huijaza kabla ya mpira kuanza. Katika mstari wa saba, mbele ya maneno "Gari la wagonjwa", nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu "Lipo", kisha nikatia sahihi. Ya pili ilikuwa maelezo ambayo Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameniandalia ili asubuhi niyasome mbele ya kamati ya ligi kama maneno yangu mwenyewe.

Mimi ndiye meneja wa timu ya wanawake. Nilisomea uongozi wa michezo chuoni, na nilipohitimu nilijiapiza kwamba ligi ya kulipwa ya wanawake haitakwama mikononi mwangu. Mchezo ukichelewa, watasema wanawake hawawezi. Mchezo ukiahirishwa, watasema tulijua. Kwa hiyo kila mchezo wa nyumbani ulianza kwa wakati, na kwa hilo nilijivuna.

Gari lilikuja, sikatai. Lilikuja saa nane na nusu mchana, likasimama nyuma ya goli la kusini, likapigwa picha, picha ikatumwa kwa msimamizi wa ligi. Kabla kipindi cha kwanza hakijafika nusu, likawashwa na kuondoka kwenda ng'ambo ya mji, ambako timu ya wanaume ya klabu hiyo hiyo ilikuwa na mchezo wa kirafiki. Ndivyo tulivyofanya tangu ligi ilipozinduliwa. Kanuni ilisema timu mwenyeji isiyo na gari la wagonjwa hupoteza mchezo, na ikirudia kosa huondolewa kwenye ligi. Na klabu ilikuwa na gari moja tu. Wachezaji walilijua jambo hilo, wakalifanya mzaha.

"Bwana harusi kafika!" alikuwa akipiga kelele Rehema, nahodha wetu, akichungulia dirisha la chumba cha kubadilishia nguo. "Mpigeni picha upesi, kabla hajamkumbuka mke mkubwa!"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikajaza mstari wa saba.

Wiki tatu kabla ya usiku ule, dakika chache baada ya mapumziko, Mwanaidi aliruka kuokoa mpira wa kona na akaanguka vibaya. Alikuwa beki wetu wa kushoto, binti wa miaka kumi na tisa. Mfupa ulitokeza nje ya soksi. Tulitazama nyuma ya goli la kusini. Palikuwa na alama za matairi kwenye nyasi. Tulimbeba juu ya bango la matangazo tuliloling'oa pembeni mwa uwanja, tukampakia kwenye pikapu ya mikate iliyokuwa ikipita, na dereva, ambaye hakuwahi kubeba mgonjwa maishani mwake, alikimbiza gari juu ya mashimo akidhani anatusaidia. Madaktari walihangaika na mguu ule siku nne. Siku ya tano waliukata chini ya goti.

Sasa karatasi ya Mwenyekiti ilisema kwamba gari lilikuwepo muda wote, na kwamba majeruhi mwenyewe ndiye aliyegoma kupanda, akitaka apelekwe kwao kwa mganga wa kuunga mifupa.

"Binti yangu," alikuwa ameniambia jioni, kwa upole wa mtu anayefariji mfiwa, "ligi hii bado kichanga. Kichanga hakianikwi juani. Ukisema gari liliondoka, tunafutwa, na wenzake ishirini na mmoja wanarudi kukaanga maandazi. Mguu wa Mwanaidi haurudi hata ukilia damu."

Kuhusu wale ishirini na mmoja hakuwa amedanganya. Nadhani hilo ndilo lililonielemea mpaka macho yakajifumba.

Nikajikuta katika uwanja wa shule yetu ya msingi, mchana, jua likiwa utosini na milima ya Uluguru ikiwa karibu kuliko ilivyo. Mwanamke alikuwa ameinama, ameshika ndoo, akichora mistari ya uwanja kwa majivu. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa Mwalimu Siwema.

Mwalimu Siwema ndiye aliyeianzisha timu hii, miaka mingi kabla neno "ligi" halijatamkwa pamoja na neno "wanawake". Alikuwa na desturi moja ambayo wengine waliiona kama utumwa. Kabla ya kila mchezo wa ugenini alipita nyumba kwa nyumba kutuomba sisi wachezaji wake kwa wazazi. Alisimama mlangoni, akaeleza tunakokwenda, kisha akasema: "Namchukua mzima, nitamrudisha mzima." Tuliporudi, hata kama ni giza, alimfikisha kila mmoja mlangoni kwao na kusubiri mpaka mzazi aseme, "Nimempokea." Alifariki mwaka mmoja kabla ya klabu kubwa ya wanaume kuja kututafuta. Walitutafuta kwa sababu kanuni mpya iliinyima leseni klabu yoyote isiyo na timu ya wanawake. Ilikuwa ndoa ya haraka, na mahari yake ilikuwa jezi.

Nilijua kwamba amekufa. Nilijua pia, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba si adabu kumkumbusha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Shikamoo ya leo mpe Mwanaidi," alisema, wala hakuinua kichwa.

Aliendelea kuchora. Majivu yalitoka ndooni bila kupungua. Mstari ulipita katikati ya miguu yangu, ukaenda mpaka kwenye lango la shule, ukatoka nje, nami nikaufuata kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukanyaga. Nilipoinua macho, shule haikuwepo. Nilikuwa kwenye lango la uwanja wa manispaa, siku ya uzinduzi wa ligi, matarumbeta yakilia, na sauti ya mgeni rasmi ikitoka kwenye vipaza sauti ikisema kwamba leo mwanamke ameheshimiwa.

Mwalimu alikuwa mbele yangu kwenye foleni, na majivu mikononi.

"Kadi ya mwaliko, mama," alisema mlinzi.

"Nina watoto humu."

"Kila mtu ana watoto, mama. Nataka kadi."

Watu nyuma yetu walicheka. Mimi nilikuwa na kitambulisho changu shingoni, chenye picha na cheo. Neno moja lingetosha: huyu ni wangu, mpisheni. Nilitazama kitambulisho, nikaona utepe wake umejikunja, nikaanza kuunyoosha. Nilinyoosha, nikanyoosha. Nilipomaliza, Mwalimu hakuwepo tena kwenye foleni, na mlinzi alikuwa akinipigia saluti.

Ninaingia. Jukwaa limejaa wanaume waliovaa suti, na kila mmoja amejifunga skafu ya timu yetu. Mwalimu Siwema yuko nyuma ya goli la kusini, kando ya gari la wagonjwa, akilipapasa ubavuni kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Anafungua mlango wa nyuma. Ndani hamna dawa, hamna mtungi wa hewa, hamna hata mkeka. Kuna kitanda kitupu tu. Anapanda, analala chali, anajifunika kanga yake mpaka shingoni.

"Nipeleke," anasema.

Ninakimbilia mbele. Kwenye kiti cha dereva hakuna dereva, wala usukani. Ninarudi nyuma, ninaweka mabega yangu kwenye bati na kuanza kusukuma. Gari halisogei. Wapiga picha wanakuja, wanapiga magoti kwenye nyasi.

"Meneja, tabasamu kidogo!"

"Sogea kushoto, dada, unaliziba gari!"

Ninasogea kushoto. Namwona Rehema na wenzake wamekaa chini wamevaa jezi, mikono magotini, wakinitazama. Hakuna anayecheka. "Bwana harusi kafika," anasema Rehema taratibu, kama mtu anayetangaza msiba. Ninawaita waje wanisaidie kusukuma, wao wananionyesha miguu yao: hawana viatu, na mistari ya majivu imewazunguka pande zote, nao wamefundishwa wasiikanyage.

Nasukuma mpaka bati linakuwa la baridi, na baridi hiyo ni ya chuma cha kitanda cha hospitali. Niko wodini. Mwanaidi amelala, shuka limejaa upande mmoja na upande wa pili limelala bapa. Mwalimu Siwema ameketi ukingoni mwa kitanda, pale pale ambapo mguu ungekuwepo. Ananinyooshea fomu yangu.

"Msomee."

"Mwalimu, amelala."

"Msomee. Ulisomea kusoma."

Nasoma. Jina la timu mwenyeji. Jina la uwanja. Hali ya nyavu: nzuri. Mipira: sita. Maji: yapo. Ulinzi: upo. Sauti yangu ni ile ya kwenye vipaza sauti, kubwa, yenye mwangwi. Ninafika mstari wa saba. Ninasoma: "Gari la wagonjwa: lipo."

Mwanaidi anafumbua macho. Hana hasira. Ananitazama kwa imani ile ile aliyokuwa nayo nilipokuwa nikimwambia apande na mpira, kwamba kuna mtu nyuma yake.

"Lipo wapi, dada?"

Nataka kujibu. Badala ya jibu, mdomoni mwangu yanatoka maneno ya Mwenyekiti, moja baada ya jingine, na yanatoka na majivu: kwamba alikataa, kwamba aligoma, kwamba alimtaka mganga. Mwanaidi anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekumbushwa jambo alilolisahau, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: ananiamini. Anaanza kuamini kwamba alikataa.

Mwalimu ananipokonya karatasi.

"Nani alikwenda kumwomba kwao?"

"Siku hizi kuna mikataba, Mwalimu. Ni wachezaji wa kulipwa. Wanasaini wenyewe."

"Mkataba umemrudisha?"

Dirishani unapita uwanja wa Jumamosi ijayo, umeshachorwa, na nyuma ya goli la kusini gari limesimama, mpiga picha amepiga magoti. Injini inanguruma tayari kuondoka. Sijawahi kumwona Mwalimu Siwema akilia alipokuwa hai, na hata sasa halii, ila uso wake umechoka kwa namna ambayo sikudhani wafu huchoka.

"Timu ikifa," anasema, "ileteni huku. Nitaipokea. Niliianzisha kwa ndoo ya majivu, naweza kuizika." Anashika mkono wangu, na mkono wake una joto. "Mtoto msiniletee."

Nilizinduka nikiwa nimekaa. Mwadhini alikuwa akiadhini, na mwanga ulikuwa umeanza kuingia. Kwenye simu palikuwa na ujumbe wa Mwenyekiti: "Usisahau, alikataa MWENYEWE kupanda. Hapo ndipo pa kusisitiza." Nilimpigia. Nilimwambia kwamba nitaieleza kamati gari liliondoka saa ngapi, liliondoka mara ngapi katika michezo iliyotangulia, na nani alitia sahihi. Aliguna.

"Basi ujue umeiua timu ya wanawake wenzako," alisema. "Msomi mzima."

Kisha nikampigia Rehema, kwa kuwa niliona ni aibu nahodha aisikie habari hii kutoka kwa kamati. Aliitika haraka, tayari alikuwa macho. Nilimsimulia ndoto yote, na jinsi nilivyoamua. Nilipomfikishia maneno ya Mwalimu alivuta pumzi, nami nikadhani analia, lakini sauti yake ilipotoka ilikuwa kavu.

"Kwa Mwenyekiti hakwenda?"

"Sijui, Rehema."

"Hakwenda. Angekwenda tungesikia. Amekuja kwa ajili ya Mwanaidi, sawa. Mwanaidi ni damu yangu, mimi ndiye niliyemshika kichwa kwenye ile pikapu. Lakini sisi ishirini na mmoja, dada meneja, sisi nani ametuota?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyowahi kusoma na katika yote niliyowahi kuwaahidi. Nilimwambia kwamba hakuna.

"Haya," alisema Rehema. "Nenda kaseme kweli. Ndiyo haki yake. Ila usije ukarudi hapa kutuambia kwamba umetuokoa."

Akakata simu.